Mwanangu ana miaka 14 anarusha besiboli maili 78, nimfanyie operesheni ya kiwiko mapema?

Swali limetoka kwa kaka mmoja, mtu wa Kigoma, anaishi Texas na familia yake. Nimelifupisha kidogo:

"Habari yako mtaalamu. Kijana wangu ana miaka 14, ni pitcha, yule anayemrushia mpigaji mpira, kwenye timu mbili, ya shule na nyingine ya kusafiri wikiendi. Kocha kampima na ile tochi ya spidi akapata maili 78 kwa saa, anasema huyu atachukuliwa. Mimi nimekulia mpira wa miguu, hii besiboli siielewi vizuri. Mzazi mwenzangu kaniambia kuna operesheni ya kiwiko, mapitcha wakubwa wote wamefanya, na ukiifanya mapema mkono unakuwa na nguvu zaidi. Mtoto mwenyewe sa hivi analalamika kiwiko kinauma kwa ndani baada ya mechi. Naomba ukweli, hio operesheni vipi, na maisha ya pitcha wa kulipwa yakoje, yanalipa kweli au tunapoteza muda wa shule?"

Salama kaka. Nimesoma swali lako mara mbili na kilichonishtua sio operesheni, ni ile sentensi uliyoipitisha haraka haraka kwamba kiwiko kinamuuma kwa ndani. Tuanzie hapo kabla ya mengine yote. Mtoto asirushe tena mpaka aonwe, sisemi apunguze, nasema asirushe, hata kama wikiendi hii kuna mashindano na mmeshalipia hoteli. Tafuta daktari wa mifupa anayeshughulika na wanamichezo vijana, mwambie maumivu yako upande wa ndani, upande wa kidole kidogo, na usishangae akipiga eksrei mikono yote miwili, anataka kulinganisha.

Sababu ni hii. Mtoto wa miaka 14 mifupa yake bado inakua, na pale kwa ndani ya kiwiko, kile kinundu unachokigusa ukikunja mkono, kuna sehemu ya ukuaji ambayo bado ni gegedu. Kwa mtu mzima kinachochanika ni ligamenti, ule ugwe unaounganisha mfupa na mfupa, lakini kwa mtoto gegedu ndio dhaifu kuliko ligamenti, kwahiyo kila anaporusha ile ligamenti inavuta kinundu na kukibandua kidogo kidogo. Hapa Marekani wanaliita kiwiko cha Little League, kwa jina la ligi ya watoto. Likikamatwa mapema dawa yake kubwa ni kupumzika, wiki kadhaa mpaka miezi, alafu kurudi taratibu. Likipuuzwa kile kipande cha mfupa kinaweza kung'oka kabisa na ndio unakuta mtoto wa watu anawekewa skrubu. Sasa ona, huyo mzazi mwenzako anakushauri umpasue mwanao abadilishwe ligamenti ambayo inawezekana ni nzima kabisa.

Na hapana, sio kweli kwamba inaongeza nguvu. Nimefanya kazi ya fiziotherapia miaka mingi huku, sehemu kubwa ni mabega na viwiko vya vijana wa besiboli, na hilo swali naulizwa kila msimu, tena na wazazi wenye akili zao na wanaompenda mtoto. Wanakotoa wazo napaelewa. Wanamwona pitcha anafanyiwa operesheni, anapotea mwaka na nusu, anarudi anarusha kasi kuliko zamani. Wasichokiona ni ule mwaka na nusu, yani kila siku miguu, mgongo, bega, chakula, usingizi, na wengine waliumia wakiwa bado wanakua wakarudi wakiwa watu wazima. Ukimpa kijana mzima ule ule mwaka na nusu wa mazoezi bila kumpasua naye ataongeza spidi. Tafiti zilizopima spidi kabla na baada hazikukuta kwamba kisu ndicho kinachoongeza.

Hio operesheni ina jina la mtu, Tommy John, na nitakusimulia maisha yake kwa urefu kidogo kwasababu majibu ya maswali yako mengi yako mle ndani.

Tommy John alizaliwa 1943 Terre Haute, Indiana. Klabu ya Cleveland walimsajili 1961 akitoka sekondari, akafika ligi kuu 1963, 1965 akahamia Chicago White Sox, alafu mwishoni mwa 1971 akabadilishwa na mpigaji hatari sana wa wakati ule, Dick Allen, akaenda Los Angeles Dodgers. Jina la Dick Allen liweke akilini nitalirudia. Tommy alikuwa anatumia mkono wa kushoto na hakuwa mtu wa spidi kabisa. Silaha yake ilikuwa sinka, mpira unaokuja kama umenyooka alafu ukimkaribia mpigaji unazama, mpigaji anaugonga juu juu, unabingirika chini, wale wanaolinda besi, vile vituo mpigaji anavyokimbilia, wanauokota wanamtoa. Kwa wewe wa mpira wa miguu nikwambie hivi, ni kama kiungo asiye na mbio ambaye kila pasi yake inafika.

Julai 17, 1974 Dodgers wanacheza na Montreal Expos. Msimu ule ameshashinda mechi 13 amepoteza 3 (kwenye besiboli ushindi na kipigo vinaandikwa kwa jina la pitcha), hajawahi kuwa na mwaka mzuri kama ule, ana miaka 31. Akarusha sinka, akasikia mkono kama umechomoka. Akajaribu mwingine, mpira ukaenda tu bila kitu ndani yake. Akatoka uwanjani kwa miguu yake mwenyewe, akaomba aingizwe mtu mwingine.

Ligamenti ya ndani ya kiwiko ilikuwa imekatika. Enzi zile hio ilikuwa maana yake nenda nyumbani. Miaka nane nyuma, kwenye klabu hio hio, Sandy Koufax alimaliza msimu wa 1966 na ushindi wa mechi 27, labda pitcha bora duniani wakati ule, akatangaza anastaafu akiwa na miaka 30 kwasababu kiwiko kilikuwa kimeisha. Kwake ilikuwa ni athraitisi, lakini nakutajia ili ujue hata aliyekuwa juu kabisa hakuna aliyekuwa na kitu cha kumpa zaidi ya sindano na barafu.

Daktari wa Dodgers alikuwa Frank Jobe, mtu aliyewahi kuhudumu kwenye kitengo cha tiba jeshini wakati wa vita vya pili vya dunia. Yeye alijua kwamba wapasuaji wa mikono walikuwa wanahamisha kano kutoka sehemu moja kwenda nyingine, hata kwa wagonjwa wa polio, akajiuliza kwanini isiwezekane kwenye kiwiko cha mrushaji. Septemba 25, 1974 akachukua kano ya kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ile nyembamba ambayo watu wengine wanazaliwa hawana kabisa na hawaikosi, akatoboa vitundu kwenye mfupa wa juu na wa chini wa kiwiko cha kushoto, akaipitisha kama namba nane ikakaa mahali pa ligamenti iliyokatika. Nafasi ya kurudi kurusha aliikadiria kuwa moja kati ya mia. Na Tommy akakubali, kwasababu bila ile moja alikuwa na sifuri.

Hapa ndio napenda wazazi wasome polepole. Baada ya upasuaji neva ya kiwiko ilileta shida, ile ambayo ukijigonga unasikia shoti mpaka kidole kidogo, mkono ukakosa hisia na vidole vikajikunja kama kucha za ndege, Desemba ikabidi afunguliwe tena. Msimu wote wa 1975 hakucheza hata mechi moja. Mwanzoni alikuwa anafunga vidole teipu ili aweze tu kuushika mpira. Mwenzake kwenye timu, Mike Marshall, msomi wa mambo ya mwendo wa mwili, ambaye mwaka ule ule wa 1974 alikuwa ameingia uwanjani mechi 106, rekodi ambayo sidhani kama kuna mtu ataigusa, ndiye aliyemsaidia kubadilisha jinsi ya kurusha ili mwili usimsumbue mkono. Aprili 1976 akarudi. 1977 akashinda mechi 20. Akaenda New York Yankees, 1979 akashinda 21, 1980 akashinda 22. Aliendelea mpaka 1989 akiwa na miaka 46. Jumla misimu 26, ushindi 288, na katika hio 288, 124 ni kabla ya operesheni na 164 ni baada.

Watu wakiiona hio 164 ndio wanasema si unaona, mkono mpya ulikuwa bora. Hapana kaka. Spidi yake ilikuwa ile ile ya kawaida. Alidumu kwasababu mchezo wake haukutegemea kurusha kila mpira kwa nguvu zote, na kwasababu baada ya 1974 aliutunza mwili kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa ameshakipoteza. Jobe mwenyewe hakukimbilia kuwafanyia wengine, wa pili kwenye ligi kuu alikuwa Brent Strom mwaka 1978, na Strom hakurudi ligi kuu kama mchezaji, alikuja kupata jina miaka mingi baadae kama kocha wa mapitcha. Kwahiyo wa kwanza alipata miaka 14 zaidi, wa pili hakupata hata mechi moja ya ligi kuu. Operesheni sasa imeboreshwa sana, wengi wanarudi kucheza, kama wanane kati ya kumi, lakini kurudi kucheza na kurudi kwenye kiwango ulichokuwa nacho ni vitu viwili, na kano mpya nayo inakatika. Jacob deGrom alifanyiwa 2010 akarudia 2023. Shohei Ohtani 2018, akapasuliwa tena 2023. Hao wana madaktari bora kuliko wote pesa inaweza kununua.

Kwanini inakatika? Pitcha anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira una kama gramu 145. Pitcha wa ligi kuu anaurusha maili 94 au 95 hivi kwa saa, yani kilomita 150 na kitu, unafika kwa mpigaji kwa kama sekunde 0.4. Kupata hio kasi bega linazunguka kwa mwendo wa digrii kama 7,000 kwa sekunde, waliopima wanasema ni moja ya miondoko ya kasi kuliko yote mwili wa binadamu unaweza kufanya. Na wakati mkono umelala nyuma kabisa kabla haujaja mbele, kiwiko kinapata mzigo wa kukifungua kwa ndani ambao ni mkubwa kuliko ligamenti peke yake inavyoweza kuhimili ukiijaribu maabara. Kinachookoa ni misuli ya kigasha inayosaidia kubeba. Misuli ikichoka, ligamenti inabaki peke yake. Ukiielewa hio umeelewa kwanini sisi tunapiga kelele kuhusu uchovu kila siku. Mpira wa kupinda umesingiziwa sana miaka mingi, lakini adui mkubwa ni kurusha ukiwa umechoka, na kurusha kila mpira kwa asilimia mia.

Ligi kuu yenyewe Desemba 2024 ilitoa ripoti ndefu kuhusu majeraha ya mapitcha, na walichokiona ni hicho hicho, kila mtu anakimbiza spidi na mizunguko ya mpira na anarusha kwa nguvu zote muda wote, na ile tabia imeshuka mpaka kwa watoto kwasababu tochi ndio inaamua nani aonekane. Karibu theluthi moja ya mapitcha wa ligi kuu wameshapitia kisu cha Tommy John. Na kinachonikosesha usingizi ni kwamba kwenye utafiti mmoja wa Marekani ulioangalia miaka ya 2007 mpaka 2011, zaidi ya nusu ya waliofanyiwa hio operesheni walikuwa na miaka 15 mpaka 19. Tommy John mwenyewe uzeeni amekuwa akisema hadharani kwamba inamuuma jina lake kutajwa kwa watoto.

Niliwahi kumhudumia kijana mmoja wa sekondari, Ijumaa alirusha kwa timu ya shule, Jumamosi asubuhi timu nyingine, Jumapili fainali. Makocha wawili na hakuna aliyekuwa anajua wa mwenzake amerusha mingapi. Baba yake alikaa kwenye kiti changu akaniambia, mimi nilidhani wao wanahesabu. Sijawahi kuisahau ile sauti. Ndio maana kijana wako kuwa kwenye timu mbili kumenitia wasiwasi kabla hata sijafika kwenye kiwiko. Anza kuhesabu wewe mwenyewe, nunua daftari.

Ligi kuu na chama cha besiboli cha Marekani wana mwongozo unaitwa Pitch Smart, ni bure, kwa miaka 13 na 14 unasema hivi: siku moja asizidishe mipira 95. Akirusha mpaka 20 anaweza kurusha kesho, 21 mpaka 35 apumzike siku moja, 36 mpaka 50 siku mbili, 51 mpaka 65 siku tatu, 66 na kuendelea siku nne. Asirushe kwenye mechi mbili siku moja. Asitoke kuwa pitcha akaenda kuwa kecha, yule anayedaka nyuma ya mpigaji, mechi hio hio, kwasababu kecha naye anarusha kila baada ya mpira. Ndani ya miezi 12 asizidi iningi 100, yani zile zamu ambazo mechi imegawanywa. Na kila mwaka miezi minne asirushe kabisa, angalau miwili au mitatu iwe mfululizo. Hapo Texas hali ya hewa ni nzuri mechi hazikatiki kwahiyo hakuna baridi ya kumlazimisha kupumzika, itabidi baba ndio uwe baridi. Kwenye hio miezi acheze kikapu, akimbie, arudi kwenye soka lako, mwili utashukuru.

Sasa swali la maisha na pesa. Maili 78 kwa miaka 14 ni nyingi, kocha hakudanganyi, ana mkono. Ila kutoka hapo mpaka kulipwa njia ni ndefu na sehemu kubwa yake ni kusubiri.

Kuna milango miwili. Kila Julai kuna drafti, ambapo klabu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi 20, vijana kama 600 wanaitwa majina. Anaweza kuitwa akimaliza sekondari, au akaenda chuo cha miaka minne akaitwa baada ya mwaka wa tatu au akifikisha miaka 21. Raundi za juu wanalipwa mamilioni ya dola kusaini, za chini unaweza kupata pesa ya kununua gari tu. Alafu wote wanaingia ligi ndogo, kuna ngazi kadhaa, kuanzia kambi za Florida na Arizona mpaka Triple-A ambayo ni mlango wa ligi kuu. Zamani maisha ya huko yalikuwa mabaya sana, wachezaji sita wanabanana kwenye apatimenti wanalala kwenye magodoro ya upepo. Kuanzia 2022 klabu zinatakiwa ziwape makazi, na 2023 wakapata mkataba wa kwanza wa chama chao, mishahara ikapanda ikawa kama dola 26,200 kwa mwaka kwenye Single-A, moja ya ngazi za chini, na 35,800 Triple-A. Unaona mwenyewe, kwa mtu mzima wa Texas hio ni pesa ya kubana. Ukigusa ligi kuu inabadilika ghafla, kima cha chini 2025 kilikuwa dola 760,000, na siku 43 tu za kuwa kwenye orodha ya ligi kuu zinakupa haki ya pensheni. Lakini miaka mitatu ya kwanza hivi klabu ndio inapanga bei yako, na uhuru wa kwenda unakotaka unakuja baada ya miaka sita kamili ya ligi kuu. Hesabu, pitcha anafika ligi kuu ana miaka 24 au 25, uhuru anaupata kwenye 30 na kitu, kama kiwiko kimekubali. Wengi walioitwa kwenye drafti hawafiki kabisa. Wanaambiwa asubuhi moja kwamba wameachwa, mchana wanapaki begi.

Mfano mzuri kwetu Waafrika ni Tayler Scott wa Afrika Kusini. Alikuja Arizona kusoma sekondari, 2011 Chicago Cubs wakamchukua raundi ya tano, raundi nzuri kabisa. Aliingia ligi kuu lini? Juni 2019, na Seattle, miaka minane baadae, akawa pitcha wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza huko. Katikati alishaachwa, alishacheza ligi za pembeni ambazo hazina uhusiano na klabu kubwa, alafu akaenda Japani, akarudi, 2024 akawa anategemewa na Houston, hapo hapo kwenu Texas. Ukimpeleka kijana mechi mweleze historia ya huyo jamaa. Na Uganda nao wapo kwenye huu mchezo siku nyingi, 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, na miaka ya karibuni vijana kadhaa wa Uganda wamesaini na klabu za Marekani kama Dodgers na Pirates. Kwahiyo mtoto wa Kigoma kuwa pitcha sio ndoto ya ajabu.

Maisha ya kila siku ya pitcha mkubwa yana upweke fulani ambao kwenye soka hatuujui. Anayeanza mechi anaingia kila baada ya siku nne au tano, mara kama 32 kwenye msimu wa mechi 162. Siku inayofuata mwili mzima umevimba, anakimbia au anaendesha baiskeli, siku ya pili au ya tatu anarusha kidogo pembeni kama mipira 30 ya kurekebisha, siku nyingine anakaa benchi anasoma wapigaji wa timu inayokuja. Hao wa kuingia mwishoni wao hawajui kama leo wataitwa, wanakaa nyuma ya uzio, simu inalia, wana dakika chache kupasha mkono alafu wanaingia kwenye moto. Tangu 2023 kuna saa pia, sekunde 15 bila mtu kwenye besi uwe umeanza kurusha. Akiharibu, jina lake linaandikwa kwamba amepoteza mechi, jina lake yeye, sio la timu tu. Miezi nane hayupo nyumbani, watoto wanazaliwa yuko Cincinnati. Nimekaa na wachache waliostaafu, na wanachokumbuka kwa hamu sio pesa, ni ile dakika umesimama pale juu, mpira uko mkononi kwako na watu elfu arobaini hawawezi kufanya lolote mpaka wewe uamue. Mtoto wako akiwa na hio hamu utaijua, haifundishwi.

Shule asiache hata nusu siku, na sio maneno ya kizazi cha kizee haya. Chuo ndio njia ambayo mapitcha wengi wanapitia siku hizi, klabu zinapenda mkono uliokomaa. Ila usidhani skolaship ya besiboli ni kama ya futiboli ya Kimarekani, kwa miaka mingi timu nzima ya chuo ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na skolaship 11.7 za kugawana, yani mtoto mmoja anapewa robo. Utaratibu umebadilika 2025 lakini vyuo vingi bado pesa yao ni ndogo, kwahiyo maksi nzuri darasani zinaongeza pesa kuliko maili mbili za spidi. Na siku akiitwa kwenye drafti akitoka sekondari, dai kwenye mkataba klabu imlipie chuo baadae, wengi wanaandikiwa hicho kipengele, hakikisha mwanasheria anakisoma.

Nilikuahidi Dick Allen. Desemba 2024 kamati ya watu 16 ilikaa kuamua nani wa zamani aingie kwenye jumba la heshima la besiboli, Cooperstown. Allen, yule aliyebadilishwa na Tommy John, akapata kura 13 akaingia, miaka minne baada ya kufariki. Tommy John alikuwa kwenye karatasi hio hio, akapata 7, zilihitajika 12. Ushindi 288, misimu 26, na jina ambalo kila kijana mwenye maumivu ya kiwiko analitamka, na bado hajaingia. Jobe naye jumba lile lilimpa heshima yake 2013, akafariki mwaka uliofuata. Mimi binafsi naona Tommy anastahili, na nitabaki hivyo.

Ukitoka kwa daktari niandikie alichosema neno kwa neno, hasa kama ametaja sehemu ya ukuaji, na umuulize lini anaruhusiwa kuanza kurusha kwa umbali mfupi. Makocha wote wawili waambie leo, kwa meseji, ili iwe imeandikwa, na wakikwambia atapoteza nafasi yake waambie atarudi mwakani. Akiwa anapumzika anaweza kufanya miguu na tumbo, na anaweza kukaa nyuma ya uzio na daftari kuhesabu mipira ya wenzake, atajifunza mengi. Ratiba ya kurudi kurusha nitakutumia nikishajua eksrei inasema nini.